Siku Kumi na Nne Juu ya Dungu

Jumapili, 7 Januari 2018

Mimi Faustine Ligonja nina miaka sabini na sita. Nimemzika mke wangu Bertila, nimezika kaka zangu wote watatu, na nimemzika hata yule daktari wa Ifakara aliyesema mimi ndiye nitakayetangulia. Nimepona mafuriko ya Kilombero mara tatu, mamba mara moja, na gharika ya hapa Houston ya Agosti iliyopita, maji yalipofika kizingitini kwa binti yangu Prudensia, hapa Stafford, yakaniona nimekaa mlangoni yakarudi. Kuandika nilijifunza kisomo cha watu wazima. Mwalimu alisema mkono wangu ni mzito lakini haudanganyi.

Naanza daftari hili kwa sababu nimepata kazi.

Kuna hifadhi ya ndege kule kusini, karibu na bahari, mwendo wa saa moja kwa gari. Ni maji na majani mpaka macho yachoke. Wamenipa kizibao cha kijani chenye jina langu na bwawa la tatu niliangalie. Wageni wakitoka njiani nawarudisha. Prudensia anasema ni kujitolea tu, Baba, siyo kazi. Mtu anapewa sare na eneo lake, halafu si kazi? Yeye ni nesi, ana sare pia.

Miaka miwili nimekaa dirishani kwake nikihesabu magari. Sasa basi.

Jumatano, 10 Januari

Mwari arobaini na mmoja. Yangeyange sikuhesabu, ni wa kila mahali.

Jumanne, 16 Januari

Barafu. Barabara zimefungwa. Nimekaa dirishani.

Jumamosi, 20 Januari

Anayenipeleka ni Polycarpe, Mkongo wa Fizi, tunasali parokia moja. Usiku anafanya kazi ghalani, alfajiri anatoka, ananipitia, tukifika analala kwenye gari mpaka mchana. Ni mtu mzuri ila anakoroma mpaka bata wanageuza shingo.

Leo nimemwonyesha wale ndege wa waridi wenye mdomo kama mwiko. Wanakwangua matope kushoto na kulia kama mwanamke anayesonga ugali.

Polycarpe, ambaye huniita mzee kwa Kifaransa, akasema, "Vieux, kwetu hii ingekuwa imeshaingia ku sufuria."

Nikamwambia hapa ukimgusa unafungwa.

"Njo maana iko nono hivi."

Msimamizi wa hesabu ya ndege ni msichana Mkenya, Truphosa. Miaka thelathini hivi, darubini shingoni, daftari mkononi, na uso kama amekula ndimu. Ananiita mzee, lakini kwa namna ya kumwambia mtu asogee. Nilimweleza kwamba mimi nimeshughulika na ndege tangu nina miaka sita, kwamba bonde zima la Kilombero lilinijua. Akauliza, "Ulikuwa unafanya nini nao?" Nikamwambia nilikuwa naamia. Akafunga daftari akaondoka.

Kwa wasiolima: kuamia ni kulinda mpunga usiliwe na ndege. Unajenga dungu, kichanja kirefu katikati ya shamba, unakaa juu yake tangu kabla ya jua na kombeo na sauti yako. Mimi sauti yangu ilivuka mto. Siyo kujisifu, mto wenyewe upo.

Jumatano, 31 Januari

Ukungu. Sikuona hata vidole vyangu. Niliwasikia wote.

Jumamosi, 10 Februari

Leo yametokea makubwa na nitayaandika kama yalivyokuwa, maana yatasemwa vingine.

Ilikuwa siku ya hesabu kuu ya bata bukini weupe, wale wanaokuja kukimbia baridi ya kaskazini. Mara moja kwa mwaka. Truphosa alitupanga kumi na wawili kwenye tuta kabla ya mapambazuko. Alisema tunyamaze mpaka apige makofi.

Kukapambazuka. Mbele yangu ng'ambo ya mfereji, nje ya mpaka wa hifadhi, kuna majaruba ya mzungu mmoja, Bwana Wendell. Nikaona kwa macho haya: maotea ya mpunga yamesimama na masuke juu, na ndani yake bata bukini, weupe tupu, shamba lote, kama mtu kaanika mashuka. Wanakula. Mwenye shamba hayupo. Hakuna dungu, hakuna kamba, hakuna hata kopo moja.

Mniambie, mkulima gani anasimama anatazama mpunga wa jirani unaliwa? Mwili ulitangulia. Niliruka mfereji, mimi wa miaka sabini na sita, nikavua mkanda wa suruali nikaufanya kombeo, nikarusha udongo na nikapiga ule ukelele wetu.

Wakaruka wote. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ardhi ilitetemeka. Jua lilifichwa. Wakaenda baharini mpaka wakawa moshi.

Nikageuka nikingoja asante, suruali nimeishika kwa mkono. Watu kumi na mmoja walikuwa wamefunga midomo kwa viganja.

Truphosa alikuja mpaka ukingoni mwa mfereji. Hakupaza sauti.

"Mzee, nilisema tunyamaze."

"Walikuwa wanamaliza mpunga wa watu."

"Mpunga ulivunwa tangu Agosti. Hayo ni mabaki. Wendell mwenyewe ndiye huwafungulia maji wakuje kula. Kila mwaka."

"Anafuga wezi?"

"Hebu vua kizibao."

Nilivua. Nikampa. Nilikuwa na mikono miwili tu, na mmoja ulishika suruali, kwa hiyo ilichukua muda.

Kwenye gari Polycarpe alicheka mpaka Stafford. "Bazungu banatoka mbali na darubini juu ya kuona ndege, weye unazifukuza zote siku moja! Ata vita haikufanya vile!"

Jumapili, 11 Februari

Prudensia alipigiwa simu akiwa kazini. Amerudi amekaa mezani bila kuvua viatu. "Baba, nili-apply mimi kwa niaba yako. Niliandika kwamba wewe ni mtu mpole." Nikamwambia hapo ndipo alipokosea. Hakucheka. Anasema kuna kituo cha wazee huku Alief, gari linawapitia asubuhi, wanacheza karata na kupimwa presha. Ataniandikisha mwezi wa tatu nisipokuwa na pa kwenda.

Presha yangu ni ya kijana.

Jumatano, 14 Februari

Majivu. Padri alisema tufunge kitu tunachokipenda. Nimefunga kumsema Truphosa.

Alhamisi, 15 Februari

Nimeshindwa. Uso wa ndimu.

Jumanne, 20 Februari

Magari mia nne na kumi na mbili.

Jumamosi, 3 Machi

Prudensia kasema hata kama hawanirudishi, lazima nikamwombe radhi mwenye shamba, maana nimeingia kwake bila hodi. Hilo ni haki, na mimi haki sikatai. Polycarpe kanipeleka.

Bwana Wendell ni mrefu, mkimya, rika langu kasoro kidogo, mikono ya mkulima kweli. Tulimkuta anatoa ghalani mizinga ya gesi mitatu, mabomba ya chuma yanayolipuka yenyewe kila baada ya dakika chache. Keshokutwa anapanda, mbegu zikishaingia tu wanakuja ndege weusi wadogo, maelfu, wanafukua mbegu na kung'oa miche. Kwelea wa kwetu kabisa, ila wamevaa kaniki.

Na nani yuko pale anambembeleza? Truphosa. Kumbe ng'ambo ya mfereji, upande wa hifadhi, kuna kisiwa cha miti, na yangeyange na wale wa waridi wameanza kujenga viota wiki hii. Mizinga ikilia watahama wote, waache na mayai. Wendell anamjibu kwamba mwaka jana alichelewa kuiwasha wiki moja kwa ajili yake na theluthi ya shamba ikaliwa. Anawapenda ndege wa kisiwani, lakini hawamlishi.

Nikaomba radhi kwa Kiingereza changu, kinanitosha. Wendell akaninyooshea mkono. Halafu nikasema, "Mimi nitakaa shambani. Bila mzinga. Mpaka miche ishike mizizi."

Truphosa akanigeukia kwa Kiswahili, haraka. "Wewe? Si wewe ndiye ulifukuza bata elfu kumi na moja?"

"Ndiyo. Umeniona mwenyewe nikifanya kazi."

Wendell akauliza tunasemaje. Truphosa hakutaka kutafsiri. Polycarpe akatafsiri, na nadhani aliongeza chumvi, maana Wendell alicheka kwa mara ya kwanza.

Tumekubaliana hivi. Siku kumi na nne. Ndege wakila sehemu inayoonekana kwa macho, siku hiyohiyo mizinga inawashwa. Mimi nikiwafukuza wa kisiwani hata mara moja, natoka. Mpunga ukipona na viota vikipona, Truphosa atazungumza na mkuu wa hifadhi kuhusu kizibao changu. Alisema "nitazungumza" kama mtu anayemeza dawa.

Prudensia kasogeza kile kituo mpaka tarehe ishirini.

Jumatatu, 5 Machi

Siku ya kwanza. Nimejenga dungu kwa mapaleti ya Wendell, urefu wa mtu na nusu. Aliniangalia akaleta ngazi. Sikuitumia alipokuwa anatazama.

Jana baada ya misa tulipita duka la mitumba Alief, nikanunua kanda za video kumi na tisa. Unaufungua ule utepe mweusi, unaukaza kati ya miti, unausokota mara mbili. Upepo ukipita unavuma kama nyuki. Ndege anausikia, mtu haumsumbui. Polycarpe alishika moja akasema ni harusi ya watu. Nikamwambia leo inaolewa na mpunga.

Halafu sauti. Truphosa alisimama upande wa kisiwa na darubini. Mimi nikapiga ukelele mdogo, nikaongeza, nikaongeza. Akiinua mkono maana yake ndege wa kisiwani wameinua shingo. Aliinua kwenye ukelele wa tano. Basi kipimo changu ni wa nne.

Wa nne! Ni kama kumwambia mwimbaji anong'one. Lakini nimekubali.

Jumanne, 6 Machi

Walikuja saa moja asubuhi, wingu moja. Ukelele wa nne na utepe. Wakageuka. Wakaja tena jioni. Wakageuka.

Jumatano, 7 Machi

Mara tisa.

Alhamisi, 8 Machi

Mara kumi na nne. Wanajifunza. Wameona utepe hauumi. Nimeuhamisha wote, sasa unapita mshazari. Ndege anazoea kila kitu isipokuwa kitu kinachohama.

Truphosa alikuja kuangalia mstari wa mbegu. Alipiga magoti, akafukua kwa kidole, akaangalia mbegu, akafukia tena kwa kisigino cha kiganja. Nilimwona. Hakuna mtu wa chuo anayefukia mbegu hivyo. Nikamwuliza kwao ni wapi. "Kenya," akasema. Kenya ni kubwa.

Ijumaa, 9 Machi

Mara kumi na moja. Wendell kaleta kiti chenye mto. Nimekikalia ili asijisikie vibaya.

Jumapili, 11 Machi

Nimekosa misa. Padri ataelewa, na asipoelewa ataelewa aliye juu yake. Wamesogeza saa mbele nchi nzima na ndege hawakuambiwa. Sauti inaanza kukwaruza. Prudensia kanipa tangawizi na asali kwenye chupa, anasema, "Baba, take it easy," halafu akaniuliza wamekuja mara ngapi. Tangu nije Marekani hajaniuliza kitu na kukaa kungoja jibu. Leo alikaa.

Jumanne, 13 Machi

Nimechoka lakini hii lazima iandikwe leo.

Tulifika, upepo wa kaskazini umeshaanza. Baridi na manyunyu ya kando. Kufika saa mbili ulikuwa unakata utepe kama uzi wa buibui. Mmoja, wa pili, halafu yote, inapepea inaenda zake mferejini. Miche imetoka jana, kidole kimoja, kijani laini, ndiyo siku mbaya kuliko zote, maana ndege haachi mche wa namna hiyo.

Nikafungua kinywa. Hakuna kitu. Ilitoka hewa tu. Nikanywa tangawizi, nikajaribu tena. Hewa.

Nimeishi na sauti hii miaka sabini na sita. Sikuwahi kuikosa hata siku nilipomzika Bertila.

Nao wakaja. Upepo ulikuwa unawasukuma, hawakuwa wingu tena, walikuwa paa la nyumba linalotembea. Walitua upande wa kusini wa shamba, nikasikia vidomo vyao, ile sauti ya mvua ndogo juu ya majani makavu. Nilishuka dungu. Nilikimbia kwenye matope nikipunga kizibao ambacho sina, nikipunga koti. Walikuwa wananipisha mita kumi na kutua nyuma yangu. Walinicheka, najua kicheko cha ndege.

Polycarpe aliamka, akaona. Akanyoosha mkono kwenye honi. Nilifika dirishani nikamshika kiganja kwa mikono miwili. Sikuweza kusema, nikatikisa kichwa tu, nikaonyesha kisiwa. Miti ilikuwa nyeupe kwa yangeyange waliolalia mayai katika ule upepo.

"Vieux, banakula yote!"

Nikatikisa kichwa.

"Basi tufanye aje?"

Ndipo niliposikia ukelele.

Haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, mrefu, unapanda mwishoni, halafu unakatika, halafu makofi mawili. Kipimo cha nne kamili, hata nusu zaidi hakuna. Nikageuka. Truphosa ameacha darubini juu ya tuta, amevua buti, amekunja suruali, anapita katikati ya matuta bila kukanyaga mche hata mmoja, anaita. Sio anapiga kelele. Anaita kama sisi. Anatupa donge la udongo kwa mkono wa chini, linapasukia hewani mbele ya kundi, siyo katikati, mbele, ili wageuke wao wenyewe. Watu wazima hawajui hilo. Hilo hufundishwa mtoto.

Kundi likainuka upande, likageukia barabarani, likaondoka. Likarudi baada ya robo saa. Akaliondoa. Aliita kutoka saa tatu mpaka saa nane mchana, mimi natengeneza madonge nampa, Polycarpe anafunga utepe mpya kwa vidole vya baridi, anatukana kwa Kifaransa. Kisiwani hakuinuka hata mmoja.

Upepo ulipolegea tulikaa chini ya dungu. Nilimpa tangawizi. Nikanong'ona, "Wapi?"

"Bunyala," akasema. "Kule mpunga ni wa serikali na ndege ni wa watoto." Alikunywa. "Nilikosa shule muhula mzima, mzee. Darasa la sita. Tulikuwa tunaamka tukienda kupigia ndege kelele, na wenzangu wanapita na vitabu. Mwaka uliofuata nilirudia darasa na ndugu yangu mdogo. Niliapa sitawahi tena. Nikasema nitasomea ndege mpaka niwe mtu ambaye anawaangalia tu."

Nikamwongezea tangawizi.

"Sasa ukaja wewe," akasema, "ukijisifu nayo. Kama ni kitu."

Kisha akanitazama, akaangalia miche, akafuta pua kwa mkono wenye matope. "Ile ya kutupia mbele ya kundi. Ni nani alikufundisha?"

Nikajionyesha kifua. Ni uongo. Alinifundisha dada yangu mkubwa, naye shule hakuiona kabisa. Nilipaswa kusema hivyo. Naandika hapa.

Jumatano, 14 Machi

Sauti hamna. Truphosa kaja kabla ya jua bila kuambiwa. Asubuhi yeye, jioni mimi na makofi na makopo. Wendell kapita mistari yote upande wa kusini. Miche iliyong'olewa jana ni ya upana wa meza. Kaitazama sana. Kasema meza moja haioni vizuri, kwa macho yake ya uzee.

Ijumaa, 16 Machi

Mara nane. Sauti imerudi nusu. Nimemwambia Truphosa habari ya dada yangu. Akauliza jina lake. Nikamtajia. Akaliandika kwenye daftari lake la ndege, sijui kwa nini.

Jumamosi, 17 Machi

Mara tatu.

Jumapili, 18 Machi

Siku ya kumi na nne. Hawakuja. Nilikaa juu ya dungu mpaka jua likazama, nikisubiri, na nikiri nilikuwa nawataka waje.

Jumatatu, 19 Machi

Wendell amevuta mche kwa vidole viwili. Ukakataa. Akavuta mwingine, ukakatika kabla haujang'oka. Akafunga mizinga mitatu kwenye trela, akairudisha ghalani, akafungulia maji. Yaliingia polepole jaruba moja baada ya jingine, na ndege weusi wakapita juu bila kushuka.

Truphosa kahesabu kisiwa kwa siku nzima. Viota mia mbili na kumi na viwili. Vilivyoachwa, hakuna.

Jumanne, 20 Machi

Kizibao nimerudishiwa. Mkuu wa hifadhi mwenyewe alinivalisha, na Prudensia aliomba ruhusa kazini akaja kupiga picha. Kituo cha wazee kimeambiwa kitafute mwingine. Nimepewa kisiwa badala ya bwawa la tatu, na mwaka ujao Wendell amesema nijenge dungu la pili upande wa magharibi. Truphosa ananiita mzee bado, lakini sasa anaposema anakaa.

Na hili niliandike nikiwa na akili timamu: tarehe kumi Februari nilikosea. Shamba halikuwa la kulindwa na siku haikuwa yangu. Sitalirudia kwa mdomo, kwa hiyo anayelitaka alisome hapa.

Anayebisha mengine yote, mashahidi wapo. Wendell anajua mpunga wake ulivyo. Prudensia alikuwa ananiandikia idadi kila jioni kwenye simu yake, ana tarehe zote. Polycarpe aliona, lakini kuanzia saa sita mchana tu, kabla ya hapo alikuwa anakoroma na ushahidi wake usipokelewe. Isipokuwa siku moja. Ya tarehe kumi na tatu msiniulize mimi wala yeye. Muulizeni Truphosa, binti wa Bunyala. Siku hiyo mimi nilikuwa namtengenezea madonge.